Kizuizini, koti la mwandishi halisaidii

Tangu niione Civil War, filamu ya Alex Garland ya mwaka 2024 kuhusu vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani, nabishana na wenzangu kazini hapa Dallas. Wao wamekwama palepale: Texas na California, majimbo yasiyopatana kisiasa, zitaunganaje dhidi ya Washington? Tena wanalalamika kwamba hatuelezwi vita vilianzaje. Mimi Mkenya hilo halinisumbui. Rais wa kwenye filamu yumo muhula wa tatu na anawashambulia raia wake kwa ndege. Inatosha.

Kilichonishika ni kizuizi. Waandishi wanatoka New York kwa gari kwenda Washington: Lee mpiga picha, Joel ripota, na Jessie, msichana anayejifunza kazi. Njiani wanamkuta mtu mwenye bunduki na miwani myekundu, kando ya shimo lililojaa maiti. Anawauliza wao ni Wamarekani wa aina gani. Colorado. Missouri. Hao hawapigi risasi. Aliyetaja Hong Kong anapigwa risasi papo hapo.

Wenzangu wanaona hayo ni ya kubuni tu, hapa hayawezi kutokea. Sisi nasi tulisema hivyo tukitazama Rwanda na Somalia kwenye televisheni. Mimi pale niliona Naivasha, Kenya, Januari 2008, watu walipouawa kwa kabila lao katika ghasia za baada ya uchaguzi. Leseni ya udereva ya Marekani haisemi ulizaliwa wapi, ndiyo maana yule mtu analazimika kuuliza. Kitambulisho chetu cha wakati ule kilikuwa kimeshajibu: mbele majina yako yote na wilaya ya kuzaliwa, ukikigeuza, wilaya, tarafa, lokesheni, hadi lokesheni ndogo. Kijana mwenye panga kazi yake ilikuwa kusoma tu.

Ukiondoa kizuizi hicho, filamu inawaonyesha waandishi kama watu wasio na kwao. Wazazi wa Lee na wa Jessie wako mashambani mbali, wanajifanya hakuna vita. Lee anasema kazi yao ni kurekodi ili wengine ndio waulize maswali. Ni maneno mazuri kwa mtu atakayeondoka kesho. Ripota wa Kenya mwaka 2008 alirudi jioni kulala katika mtaa uleule alioutangaza mchana, na jina lake likishasikika hewani kila msikilizaji alijua kabila lake. Koti lenye maandishi ya PRESS lingemfichaje?

Tarehe 30 Desemba 2007 serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Tarehe 3 Januari magazeti makubwa yakatoka na kichwa kimoja, yakiomba nchi yetu iokolewe. Huku ughaibuni nimesikia watu wakisema siku ile waandishi waliacha uandishi. Nakataa. Anayesema hivyo hana shangazi Burnt Forest, mji wa Bonde la Ufa uliokumbwa na ghasia hizo. Ukiwa umeketi salama, na umeme haukatiki, ni rahisi kumdai mwenzako awe jicho tu, asiwe mtoto wa mtu. Nakubali hata hivyo kwamba tulizoea vibaya: uchaguzi wa 2013 vyombo vya habari vilihubiri amani hadi maswali magumu yakakosa nafasi.

Filamu ya Garland nitaitazama tena, imetengenezwa vizuri sana. Lakini ninayoisubiri ni ya ripota wa Eldoret: mchana anatuma habari Nairobi, usiku anatafuta lori la kumhamisha mama mkwe wake.