Baba Mkwe Alivyolilinda Gari Langu

Rangi mpya ya gari ina hila moja: hukauka mapema, lakini huchelewa kukomaa. Ukiigusa siku unayokabidhiwa gari, kidole hakitoki na doa, nawe utaapa kwamba kazi imekwisha, kumbe chini ya ule mng'aro thina, yaani kile kimiminika cha kuyeyushia rangi, bado haijamaliza kutoka, na klia, yaani lile tabaka la juu lisilo na rangi ambalo ndilo linalobeba mng'aro wote, ni laini kiasi kwamba kitu kizito kikikaa juu yake kwa saa chache huacha alama. Fundi alinieleza kwamba hata gari likikaushwa katika chumba chenye joto la nyuzi 60 kwa dakika 30 hivi, kama alivyolifanyia langu, hadena, yaani dawa ya kuigandisha rangi, huendelea kufanya kazi kwa wiki kadhaa. Kisha akanikabidhi ufunguo na karatasi moja iliyokunjwa mara nne, akanisihi niisome mbele yake.

Karatasi ile ilikuwa fupi na kali. Gari lisioshwe katika wiki ya kwanza. Baada ya hapo lioshwe kwa mkono, kivulini, kwa maji yasiyo ya moto na shampuu ya magari isiyo kali, na kamwe lisipelekwe kwenye mashine za brashi. Nta na polishi zisubiri mpaka zipite siku zisizopungua 30, kwa kuwa nta huziba njia ya thina inayotaka kutoka. Lisiegeshwe chini ya miti. Kinyesi cha ndege kiondolewe mara tu kionekanapo, kwa kuloweshwa na kunyanyuliwa, si kwa kusuguliwa. Mafuta yakimwagika wakati wa kujaza tangi, yasuuzwe papo hapo. Mstari wa mwisho ulisema: "Gari lisifunikwe kwa turubai." Naomba msomaji aukumbuke mstari huo neno kwa neno, maana ndio uliozua mambo yote.

Gari langu ni la zamani, na klia ya awali ilikuwa imebabuka kwa jua kwenye boneti na paa, hivyo nilipoamua kulipaka upya nilichagua buluu iliyokoza, rangi inayopendeza sana na isiyosamehe chochote. Juu ya buluu iliyokoza, vumbi huonekana, tone la maji lililokauka huonekana, na alama ya kitambaa kibaya huonekana hata kwa mtu aliye ng'ambo ya barabara. Nilipofika nalo nyumbani, jirani mmoja alilizunguka, akalisifu, kisha akanyoosha kidole cha shahada ili ahakikishe kama kweli limekauka. Nilimwahi. Mwingine alitaka kuegemea mlango huku akinipa pongezi, na suruali yake ilikuwa na vifungo vya chuma mifuko ya nyuma. Nimegundua kwamba mtu akiona rangi mpya mikono humwasha, na kadiri unavyomkataza ndivyo anavyozidi kushuku kwamba unamficha jambo.

Nilijiandaa vilivyo. Nilinunua ndoo mbili kubwa, moja ya maji ya shampuu na nyingine ya kusuuzia glavu ya kuoshea, ili mchanga ubaki chini ya ndoo ya pili badala ya kurudi kwenye gari, nikazihifadhi ukumbini zikisubiri siku yake. Ndani ya gari niliweka chupa ya maji safi na vitambaa laini vya maikrofaiba kwa ajili ya ndege, kwa sababu ndege ndio walionitia hofu kuliko wote. Kinyesi chao kina asidi na chembechembe ngumu. Jua linapoipasha rangi moto hulainika na kutanuka, na inapopoa hujibana kulizunguka lile donge lililokwisha kukauka, hata ukiliondoa unakuta limeacha umbo lake hapo. Mke wangu alisema kwamba siku hizo nilikuwa nikitazama juu kuliko nilivyomtazama yeye, na sikuwa na hoja ya kumjibu.

Ni katika kipindi hicho ndipo baba mkwe alipokuja kututembelea. Baba mkwe ni karani mstaafu wa mahakama, mtu wa maneno machache na miwani minene, ambaye ameishi miaka mingi na nyaraka hata ukimwambia "karibu ukae" anaangalia kwanza kama umetaja kiti. Usiku ule, baada ya chakula, aliniuliza kwa nini gari limeegeshwa peke yake katikati ya uwanja, mbali na mti na mbali na ukuta. Nikamweleza kwa urefu, nikafika mpaka kwenye asidi ya ndege. Akaiomba ile karatasi. Aliisoma, akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaisoma tena, kisha akairudisha akisema, "Nimeelewa. Adui mkubwa ni ndege." Nikakubali, nikamtakia usiku mwema, nikalala.

Kulipokucha ilikuwa siku ya mapumziko, nami sikuamka mapema. Nilipotoka nje jua lilikuwa limekwisha kupanda, na baba mkwe alikuwa ameketi kwenye kiti barazani, mikono magotini, akiutazama uwanja kwa uso wa mtu aliyemaliza zamu yake salama. Gari sikuliona. Niliona kilima chenye maua. Lilikuwa ni blanketi la wageni, lile zito kuliko yote tuliyo nayo, lenye maua makubwa yaliyofumwa kwa nyuzi nene mpaka yakachomoza ukiyapapasa kwa mkono, nalo limetandazwa toka boneti hadi buti kwa unadhifu ambao sijawahi kuuona hata kitandani. Na ili upepo usilipeperushe, juu ya boneti ilisimama mojawapo ya ndoo zangu mpya, imejaa maji hadi ukingoni, na juu ya buti ikasimama ya pili.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Umelala vizuri?"

Nilimjibu kwamba nimelala vizuri, jambo ambalo kwa wakati huo lilikuwa ndilo la kusikitisha zaidi. Akanieleza kwamba alipoamka alfajiri aliwasikia ndege wakianza kelele mtini, akaona hapana budi achukue hatua, na kwa kuwa hakutaka kunisumbua alitumia blanketi lake mwenyewe, akavumilia baridi.

"Baba," nilisema, nikichagua kila neno, kwa maana mkwe hakaripiwi, "nadhani ile karatasi ilikataza gari lisifunikwe."

"Ilikataza turubai," alisema kwa upole. "Niliisoma mara mbili ili niwe na hakika. Hili ni blanketi."

Sikupata la kusema. Nilisimama pale nikitafuta mahali ambapo hoja ile ingeweza kuvunjwa, nikaona kwamba kwa mujibu wa maandishi mzee ana haki kabisa. Akanionyesha pia ushahidi: juu ya ua mojawapo, usawa wa paa, palikuwa na kinyesi kibichi cha ndege. "Hicho," alisema, "kingekuwa kwenye rangi." Hilo nalo lilikuwa kweli.

Tuliziondoa ndoo kwanza, mimi nikishika mpini na yeye akishika tako la ndoo, maana ndoo iliyojaa namna ile ukiilegeza kidogo hujiburuta. Kisha mke wangu akaitwa, tukalishika blanketi kwenye pembe na kulinyanyua juu moja kwa moja bila kulivuta, kwa sababu vumbi lililonaswa kati ya kitambaa na rangi likiburutwa hufanya kazi ya msasa. Lilikuwa limelowa umande upande wa chini na lina joto la jua upande wa juu. Mahali pengi lilinyanyuka bila shida. Pale zilipokuwa ndoo liling'ang'ania kidogo, likatoa sauti ndogo ya kubanduka, likaachia.

Paa lilikuwa salama, likiwa na nyuzinyuzi chache tu. Lakini katikati ya boneti palikuwa na duara kamili lenye ukubwa wa kitako cha ndoo, na ndani ya duara lile ua zima lilikuwa limejichapa: petali zake, mshipa wa jani, hata fundo moja la uzi lililokosewa kiwandani. Kwenye buti palikuwa na duara la pili lenye nusu ua na majani matatu. Zilikuwa alama safi, za mviringo, zilizogandamizwa sawasawa pande zote, kama mihuri ya mahakama iliyopigwa na mtu mzoefu. Baba mkwe aliinama, akaipandisha miwani kwenye paji la uso, akalitazama lile la boneti kwa muda mrefu. "Limetoka vizuri," alisema, na mke wangu akakimbilia ndani ili asicheke mbele ya baba yake.

Nilimtumia fundi picha. Alinipigia mara moja, na badala ya salamu akauliza, "Hayo maua umeyachora kwa nani? Mimi sikuyapiga." Nilipomweleza, alinyamaza kwanza, kisha nikasikia akiwasimulia wenzake karakana nzima, kisha akarudi kwenye simu akiwa mtu wa kazi. Alinionya nisisugue, nisipake kitu, wala nisijaribu dawa yoyote ya kufutia mikwaruzo, kwa kuwa rangi bado ni mbichi na kila nitakachofanya kitaongeza kazi. Niliache gari juani. Rangi ambayo haijakomaa ikipata joto hulegea na kujinyoosha, na sehemu ya alama hupotea yenyewe. Itakayobaki ataishughulikia klia ikishakuwa ngumu. Sababu halisi ya kukataza kufunika, alisema, ni hiyo hiyo: kitambaa huzuia thina isitoke, hunasa unyevu, na upepo ukikitikisa hulisugua gari usiku kucha. Nilimwomba amweleze hayo baba mkwe moja kwa moja. Wakazungumza kwa muda mrefu, na kutoka upande huu nilichosikia ni mzee akisema, "Basi mngeandika hivyo."

Kwa hiyo nikawa naendesha gari lenye maua. Jua lilisaidia kweli. Ua la buti lilififia mpaka likabaki kivuli ambacho ungekiona kwa kuinama tu. La boneti halikukubali. Watu walilitazama kwenye foleni. Kijana mmoja aliniuliza kwa heshima zote kama hiyo ni mitindo mipya na kama fundi anaweza kumpigia la waridi. Nilimwambia kwamba kinachohitajika ni ndoo na mkwe, naye akadhani namfanyia dharau.

Muda wa kukomaa ulipotimia, fundi aliniita, na baba mkwe akasema hatakosa. Alisimama karibu sana na boneti, mikono nyuma. Fundi alichukua msasa wa maji namba 2000, mwembamba kiasi kwamba ukiupapasa unaona kama karatasi ya kawaida, akauloweka, akaufunga kwenye kibao cha mpira, akaanza kuupitisha juu ya ua polepole huku akimwagia maji yenye tone la sabuni. Boneti ikapoteza mng'aro, ikawa kama imeingia ukungu, na maji yakaanza kuteremka yakiwa meupe mithili ya maziwa yaliyochanganywa na maji.

"Mwanangu, rangi inaondoka!" baba mkwe alipaza sauti, akanishika mkono. Sijawahi kumsikia akipaza sauti.

"Ikiwa nyeupe ni klia, mzee," alisema fundi bila kuinua kichwa. "Ikigeuka buluu ndipo sote tulie."

Kuanzia hapo baba mkwe hakupepesa macho. Klia kwa kawaida ina unene wa kama mikroni 50, yaani sehemu moja ya ishirini ya milimita, na fundi anayesugua anakula katika akiba hiyo hiyo. Akizidisha, hasa kwenye kingo ambako tabaka ni jembamba, anaifikia rangi yenyewe na kazi inaanza upya. Kila fundi alipofuta maji ili aangalie, mzee naye aliinama kuangalia, na kila mara alitangaza, "Nyeupe." Fundi alihamia msasa namba 3000, kisha mashine ya kupolishi yenye pedi ya sponji, na mng'aro ukarudi kuanzia katikati kwenda nje. Petali ziliisha, jani likaisha, na fundo la uzi ndilo lililoondoka mwisho.

Wakati fundi anasafisha mikono, baba mkwe alimwomba ile karatasi yake ya maagizo na kalamu. Akaketi kwenye benchi la karakana, akaandika kwa mwandiko wa mahakamani, na alipomaliza fundi aliipenda mno hata akaipiga chapa, na sasa kila mteja anapewa. Katazo la turubai limekuwa kifungu chenye vijifungu vinne, kinachotaja "turubai, blanketi, shuka, kanga, zulia, au kitu kingine chochote kinachofanana na hivyo au kisichofanana navyo," kisha kinafafanua maana ya kufunika, na kinapiga marufuku kuweka ndoo, "iwe na maji au isiwe nayo." Kifungu cha mwisho, ambacho fundi hakukisoma mpaka alipokuwa amekwisha kutoa nakala, kinaeleza kwamba masharti haya hayatamhusu mtu yeyote aliyetenda kwa nia njema kabla hayajaandikwa.