Nguzo za Trajan: zisimamishwe, au zilale zilipoangukia?

Juu ya kilima cha Pergamon, mji wa kale magharibi mwa Uturuki, kuna nguzo nyeupe za marumaru zinazoonekana tangu mji wa Bergama, kule bondeni. Ni mabaki ya hekalu la Kaizari Trajan wa Roma, lililokamilishwa na mrithi wake Hadrian katika karne ya 2. Mgeni huzipiga picha akidhani zimesimama hivyo tangu enzi hizo. Wapi! Zilikuwa chini, vipande vipande, hadi wanaakiolojia wa Kijerumani walipoanza kuziinua miaka ya 1970.

Wanaopinga kazi ile hawakosi hoja. Mkataba wa Venice wa 1964, mwongozo wa kimataifa wa kuhifadhi majengo ya kale, unakataza kujenga upya magofu. Unaruhusu tu kuunganisha vipande vya asili, na kiraka chochote kitambulike kuwa ni kiraka. Pergamon baadhi ya mapengo yalizibwa kwa mawe ya kuunda, na ukisimama karibu unaona pale jipya linapokutana na la kale. Ukiwa mbali huoni kitu. Halafu kuna kutu. Kwenye Parthenon, hekalu la kale la Athens, vyuma vilivyofungwa na wakarabati mwanzoni mwa karne ya 20 vilishika kutu, vikavimba na kupasua marumaru, ikabidi vitolewe na kuwekwa vya titani.

Hata hivyo, mimi niko na walioziinua. Hekalu hili lilikuwa siasa ya mawe: Kaizari aliabudiwa humo pamoja na Zeus, juu ya vichwa vya raia wake, na aliye bondeni hakuwa na namna ya kutomwona. Rundo la marumaru lililolala majanini halikuambii hilo.

Ninacholalamikia ni kingine. Kilima kile kina mteremko mkali, hakikuwa na uwanja wa kutosha hekalu kubwa. Warumi waliuunda: walijenga vyumba virefu vyenye dari za matao, bega kwa bega, kisha wakatandaza uwanja juu yake. Ufundi wenyewe uko humo chini, lakini nguzo zimeiba macho yote.

Na anayetaka magofu yaachwe "kama yalivyokutwa" ana deni la kueleza: mbona mengine hayakuachwa? Sanamu za Madhabahu Kuu, iliyokuwa kilima hichohicho, zilipelekwa Berlin karne ya 19. Bergama wamebakiwa na msingi na misonobari. Hata vichwa vya sanamu za Trajan na Hadrian vilivyotoka hekaluni viko Berlin.