Kabla hujainunulia filta soksi, angalia imekaa wapi

Mvua zikikaribia maswali yanakuwa yaleyale kila mwaka. Mtu amefunga inteki ya hewa baridi, yaani bomba linaloipelekea injini hewa ya nje badala ya boksi la hewa la kiwandani, filta imeshuka kule chini nyuma ya bampa, sasa anauliza aivalishe soksi (kitambaa cha kuifunika filta), aweke valvu, atoboe bomba au afanyeje ili maji yasiingie kwenye injini. Na karibu majibu yote anayopewa ni ya kununua kitu. Mi naona hapo tunaanzia pabaya kabisa, manake cha kwanza kuangalia ni urefu kutoka chini barabarani mpaka pale filta ilipo, na kama filta imekaa usawa wa katikati ya tairi basi hakuna kitambaa wala mpira utakaokusaidia siku ukiingia kwenye dimbwi usilojua kina chake.

Tuelewane kwanza kwa nini inawekwa chini. Ndani ya boneti kuna joto, na hewa ya moto ni nyepesi, ina oksijeni kidogo kwa kila lita. Ukitoa hewa ya nyuzi 50 ukampa injini ya nyuzi 30 uzito wa hewa unaongezeka kama asilimia 6 hivi, na hilo ni jambo la kweli, si porojo za wauzaji. Ndo maana bomba linapitishwa kwenye tundu la fenda likashuke mpaka kwenye hewa ya nje. Sasa mtu akishafunga hivyo anasahau alichokitoa. Lile boksi la kiwandani ambalo watu wanalidharau eti ni plastiki tu, mdomo wake mara nyingi umewekwa juu, usawa wa taa au juu ya rejeta, lina kona za kuyapotosha maji, chini lina vitundu vya kuyatoa yale machache yaliyopenya. Waliolichora walifikiria mvua. Unapolitoa unatoa kinga yote hiyo, na kinachobaki ni filta tupu inayoning'inia sehemu ambayo tairi linarusha maji.

Sasa hatari yenyewe ni nini hasa? Maji hayabanwi. Hewa inabanwa, mchanganyiko wa hewa na petroli unabanwa, maji hapana. Chukua injini ya silinda nne yenye sisi 2000 (cc, yaani sentimita za ujazo), kila silinda ni sisi 500, na kama kompresheni yake, yaani inavyobana hewa, ni 10 kwa 1 basi pistoni ikifika juu kabisa nafasi inayobaki ni kama sisi 55 tu. Hizo ni kama vijiko vinne vya chakula. Yakiingia maji zaidi ya hapo kwenye silinda moja pistoni haina pa kwenda, lakini krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, bado inasukuma kwa nguvu ya silinda zingine na uzito wa gari zima, kwa hiyo kitakachokubali kushindwa ni konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki. Inapinda, au inakatika na kutoboa bloku. Kwa dizeli ni mbaya zaidi, kompresheni ya 16 kwa 1 kwa silinda ya ukubwa huohuo inakuachia kama sisi 33 tu. Na haya yote hayachukui muda, injini ikizunguka mara 3000 kwa dakika kila silinda inabana mara 25 kwa sekunde moja, kwa hiyo ule muda wa kusema "ngoja nirudi nyuma" haupo.

Kuna watu wanadhani injini haina nguvu ya kuvuta maji kutoka kule chini mpaka juu, kwa sababu bomba ni refu. Ina nguvu tele. Kunyanyua maji nusu mita kunataka upungufu wa presha wa kama asilimia 5 ya presha ya kawaida ya hewa, kwa injini hicho si kitu. Injini hiyohiyo ya sisi 2000 ukiikanyagia mafuta mpaka mwisho kwenye mizunguko 3000 inaweza kumeza karibu lita 50 za hewa kila sekunde, filta ikizama yote inavuta kilichopo, na kilichopo wakati huo ni maji. Hata ikiwa inanguruma tu bila kukanyagwa bado itavuta, itachukua muda kidogo zaidi basi.

Ila pia nisiwatishe bure. Mvua ya kawaida haiui injini. Umande, ukungu, matone machache yaliyopenya kwenye filta yanageuka mvuke ndani ya silinda na kutoka na moshi, na kuna injini ambazo zimetengenezwa kabisa kupuliziwa maji makusudi ili zipoe, Oldsmobile Jetfire ya mwaka 1962 ilikuwa na tangi la maji yaliyochanganywa na methanoli, na BMW M4 GTS nayo ina mfumo wa kupulizia maji. Tofauti ni kipimo na namna yanavyoingia. Kwa hiyo kama mvua inanyesha na barabara imelowa tu endesha gari lako, usikose usingizi. Kinachoweza kukusumbua kwenye mvua ya namna hiyo ni sensa ya hewa, ile yenye waya unaopashwa moto ndani ya bomba, matone yakiigonga inasoma vibaya na gari linakuwa zito au linakata kata, na filta ya pamba yenye oili ikilowa sana inapitisha hewa kwa shida.

Na hapo ndipo soksi ya filta ina kazi yake. Ni kitambaa cha poliesta kilichotiwa dawa ya kukataa maji, kinafunika filta, matone yanateleza na kuanguka na hewa inapita. Kwa maji ya kurushwa na tairi kinafaa sana na ningemshauri yeyote mwenye filta iliyo wazi aiweke, pia kinazuia vumbi na matope kiasi. Ila kinachoniudhi ni kuona kinauzwa na kusifiwa kana kwamba ni ruhusa ya kuingia kwenye mafuriko. Kitambaa kinachopitisha hewa kikizamishwa na kuvutwa kutoka ndani kitapitisha maji, hakuna namna nyingine.

Valvu ya kuokoa nayo nina maoni nayo. Ile inafungwa juu kwenye bomba, kati ya filta na injini, kwa kawaida inakuwa imejifunga, filta ikizama presha ndani ya bomba inashuka na valvu inafunguka ili injini ivute hewa ya pale juu badala ya kunyonya maji. Wazo ni zuri na kwa bomba refu linaloshuka ni afadhali uwe nayo kuliko kukosa. Lakini ina masharti ambayo watu hawasomi: lazima ikae juu kuliko maji yanapoweza kufika, lazima mpira wake uwe hai haujakauka na kupasuka, na kwa injini ya turbo (inayosukumiwa hewa kwa presha) kwa kawaida haitakiwi, soma karatasi ya mtengenezaji kabla hujakata bomba. Halafu ni kitu cha kukuokoa mara moja kwa bahati mbaya, hakijatengenezwa ili uwe unapita majini kila siku.

Hizi za kutoboa bomba ili "lipumue" ziacheni kabisa jamani. Ukitoboa baada ya sensa ya hewa injini inapata hewa ambayo kompyuta haijaihesabu, mchanganyiko unaharibika, na juu ya hapo unavuta vumbi lisilochujwa moja kwa moja kwenye silinda. Kufunga mfuko wa plastiki kwenye filta na kuendesha ndo usithubutu, injini inakosa hewa na mfuko unaweza kunyonywa ukaziba kabisa. Mfuko ni wa wakati wa kuosha gari, injini imezimwa, na uutoe kabla ya kuwasha.

Basi mimi nafanyaje? Bomba la chini natoa. Inteki nyingi za hewa baridi zinakuja na bomba la vipande viwili vilivyounganishwa kwa hosi ya silikoni na klampu, ukitoa kipande cha chini na kuifunga filta kwenye kile cha juu inakaa ndani ya boneti, juu, mbali na maji. Ni kazi ya bisibisi na muda mfupi tu, ila hakikisha sensa inabaki mahali pake kwenye bomba la juu, klampu zimekazwa na hakuna hewa inayopenya pembeni. Utapoteza ubaridi wa hewa, ndiyo, hasa ukiwa kwenye foleni ambapo joto linajaa chini ya boneti. Lakini niambie ukweli, kwenye mvua, barabara inateleza, huoni mbele vizuri, hizo nguvu chache utazitumia wapi? Kwa hali hiyo sioni sababu ya kuhatarisha injini nzima. Jua likirudi na barabara zikikauka unarudisha bomba lako na unaendelea kufurahia. Kama bomba lako ni kipande kimoja, basi kwa msimu huo rudisha boksi la kiwandani, usije ukalitupa wala kuliuza.

Na ile plastiki ya ndani ya fenda, irudishwe. Wakati wa kufunga inteki wengi wanaitoa ili mkono upite, halafu mwisho wa kazi inaonekana haikai vizuri kwa sababu ya filta, fundi anaikata au anaiacha kabisa. Hiyo ndo ukuta pekee kati ya tairi na filta yako. Kama ni lazima ikatwe ikatwe kidogo upande ambao tairi halirushii, na vile vibanio vyake vyote viwepo. Chungulia hapo kabla hujafikiria kununua chochote.

Barabarani, dimbwi usilolijua usilipite, hasa usiku. Ukiona gari lingine limepita usijipe moyo, labda mdomo wa inteki yake uko juu mara mbili ya wako. Ukilazimika kupita nenda polepole kwa gia ndogo na mwendo ule ule, manake ukikimbia bampa linasukuma maji yanapanda mbele kama wimbi na filta yako iko palepale nyuma ya bampa. Subiri pia gari linalokuja upande wa pili limalize kupita, wimbi lake peke yake linatosha kukuzamisha filta hata kama kina ni kidogo.

Gari likizima ndani ya maji usipige stata. Hata mara moja, hata kama watu nyuma wanapiga honi. Injini nyingi zinazozima zikiwa kwenye mwendo mdogo zinaweza kuwa bado nzima, na kinachozimaliza ni kule kujaribu kuwasha tena. Sukuma litoke, vuta filta uone kama imelowa na pangusa ndani ya bomba kwa kidole. Ukikuta maji ndani, plagi zote zitolewe, kwa dizeli nozeli au plagi za kupasha moto, na mafuta yazuiwe yasipulize, ndipo injini izungushwe taratibu maji yatoke kwenye matundu. Kagua oili kwenye kijiti, ikiwa imegeuka rangi kama ya maziwa imwagwe na filta ya oili ibadilishwe kabla ya kuwasha. Na likiwaka halafu ukasikia injini inatetemeka au silinda moja haivuti kama zingine, usiliendeshe ukisema litakaa sawa likikauka, hapo inawezekana konrodi imepinda kidogo na pistoni haifiki tena juu inapotakiwa, gari la namna hiyo linaweza kutembea siku kadhaa vizuri tu halafu konrodi ikakatika ukiwa kwenye spidi. Mwambie fundi apime kompresheni silinda moja moja kwanza, gari likiwa limesimama.