Wajerumani wana chama cha watu saba, sisi tuna sanduku la kufuli tatu

Aliye nyumbani Tanzania akisikia Ujerumani, hudhani kila ofisi huku inaendeshwa kwa kompyuta. Corona ilipoingia 2020, ofisi za afya za wilaya za huku zilikuwa bado zinapelekeana taarifa za wagonjwa kwa faksi. Programu iliyotafutwa kuzinasua, SORMAS, ilizaliwa kutokana na Ebola ya Afrika Magharibi ya 2014. Taasisi ya utafiti ya Braunschweig iliitengeneza pamoja na Wanigeria, na ni programu huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Mwanzoni mwa 2021 viongozi waliagiza ofisi zote ziwe zinaitumia ifikapo mwisho wa Februari, na nyingi hazikufika. Kwa hiyo anayerudi likizo na wimbo wa "wenzetu wana teknolojia" anatuchosha bure. Mimi naona tofauti iko kwingine: nani anabaki na funguo makofi yakishaisha.

Kusajili chama huku kunahitaji waanzilishi saba, katiba iliyosainiwa na usajili mahakamani. Baada ya hapo kuna ada ya uanachama, mkutano mkuu na wakaguzi wa hesabu wanaochaguliwa na wanachama. Kikao chenyewe kinachosha kuliko foleni ya benki. Lakini ndicho kilichowabeba Freifunk, watu wanaofunga ruta juu ya mapaa na minara ya makanisa ili majirani wagawane intaneti bure. Hadi 2017 sheria ilimtishia mwenye laini kwa makosa ya yeyote aliyeitumia. Walipigania jambo hilo kwa miaka mingi, na muda wote huo kulikuwa na watu wa kupanda kuwasha ruta iliyozimika.

Wana faida nyingine: wanajua kudai kitu kinachopimika. Aprili 2020 serikali ilikuwa inaandaa programu ya simu ya kufuatilia maambukizi ya corona, na ilikuwa inaelekea kuweka taarifa za nani alikutana na nani kwenye seva moja kuu. Chaos Computer Club, chama cha wadukuzi wa Ujerumani, wakatoa masharti 10, moja baada ya jingine, ambayo programu ya aina hiyo ilipaswa kuyatimiza. Kabla mwezi haujaisha serikali iligeuza uamuzi, na programu ikatoka Juni 16 ikiwa na msimbo wake wazi kwa yeyote kuusoma. Ila wasisifiwe kupita kiasi. Jiji la München lilihamisha kompyuta zipatazo 15,000 kwenda Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, likamaliza 2013, na 2017 madiwani wakapiga kura kurudi Windows. Malalamiko mengi ya watumishi yalihusu jinsi idara ya kompyuta ilivyopangwa kuliko Linux yenyewe, lakini hakukuwa na kundi lenye nguvu ya kulisema hilo barazani wiki baada ya wiki.

Sasa nyumbani. Mradi wa Ramani Huria ulianza Dar es Salaam 2015. Wanafunzi wa vyuo na wakazi walipita kata kwa kata, wakisaidiwa na picha za drone, wakachora mifereji na nyumba katika OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuihariri na kuipakua. Mitaa mingi ya Ulaya haina ramani ya mifereji ambayo mkazi wa kawaida anaweza kuipakua. Tatizo la ramani ya namna hii ni kwamba inazeeka. Mfereji uliopimwa kiangazi, masika moja tu ikipita umejaa mchanga, na mradi ukiisha vijana waliojua nenosiri wamekwisha kupata kazi kwingine.

Hapo ndipo sanduku la vicoba, vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, linapoingia. Kila mtaa una kikundi kinachojua kukaa kila wiki, kutoza faini ya kuchelewa na kufunga sanduku kwa kufuli tatu ambazo funguo zake ziko kwa watu watatu tofauti. Wajerumani wanatafuta nidhamu hiyo kwa mahakama na katiba, sisi tunayo tayari. Kikundi kimoja kikabidhiwe ramani. Nenosiri liandikwe na kufungwa ndani ya bahasha, liingie sandukuni. Misimbo ya dharura ya akaunti ichapwe kwenye karatasi na kuwekwa humo humo, maana uthibitisho kwa simu ndio unaoua akaunti nyingi: laini imesajiliwa kwa alama za vidole za kijana mmoja, akihama anahama nayo.

Upimaji wenyewe hauhitaji mtaalamu. Chukueni mti mnyoofu wenye alama za sentimita, utepe wa kupimia na simu. Msiamini sana nukta ya GPS ya simu: uwanjani hukosea mita kadhaa, kwenye vichochoro vya mabati na kuta ndefu huruka zaidi. Unganisheni mfereji na kona ya nyumba inayoonekana kwenye picha ya angani. Kosa kubwa liko kwenye kina. Wengi hupima hadi juu ya matope, mfereji ukaandikwa "wa kina kifupi" wakati umeziba tu. Pimeni mara mbili: hadi juu ya matope, kisha mti uzamishwe hadi ugonge sakafu. Tofauti ndiyo hoja yenu. Mfereji wenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 200, ukiwa na matope ya sentimita 30, unabeba mita za ujazo 60 za matope. Yakichimbuliwa huvimba, hesabuni kama 75. Kwa tipa la mita za ujazo 7 ni safari 11. Diwani akiambiwa "mtaa una mafuriko" ataitikia kwa kichwa. Akiambiwa safari 11 itabidi ajibu ndiyo au hapana. Na hoja hiyo ipelekeni ngazi ya kata, kwa sababu mtaa wa juu ukizibua peke yake mchanga wote unashukia wa chini.

Hoja hiyo isiingie mkutanoni chini ya "mengineyo". Mengineyo ni kaburi: watu wamechoka, wengine wameshaondoka, na katibu anaandika "imepokelewa". Mpeni mtendaji barua kabla ya ajenda kupangwa, mdai azimio lenye jina la mtekelezaji na tarehe, halafu muombe nakala ya muhtasari. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, kwa hiyo azimio la Juni limeshachelewa mwaka mzima.

Upande wa zahanati, DHIS2 inayopokea takwimu za vituo vyetu ni programu huria, ina mizizi Afrika Kusini ya 1994 na inatunzwa Chuo Kikuu cha Oslo. Msimbo kuwa wazi hakumpi mkazi ruhusa ya kuona takwimu. Njia yake ni kamati ya usimamizi wa kituo, ambayo ina wawakilishi wa wananchi, na tangu 2017/18 kuna fedha zinazoingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Mjumbe aombe jumla ya wagonjwa wa kuhara kwa mwezi kutoka MTUHA, mfumo wa takwimu za huduma za afya, aiweke kando ya ramani ya mifereji. Jumla tu: jina la mgonjwa au nyumba yake isiguse ramani ya wazi, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 haina mzaha.

Mkitaka kupima klorini iliyobaki kwenye maji ya kisimani au ya bomba, vidonge vya DPD namba 1, ambavyo hugeuza maji yenye klorini kuwa ya waridi, pamoja na kipimo cha kulinganisha rangi vinatosha: mililita 10 za maji, kidonge kimoja kisichoguswa kwa vidole, soma rangi ya waridi mara moja. Wakati wa kipindupindu klorini iliyobaki isipungue miligramu 0.5 kwa lita. Jihadharini na maji yaliyomwagiwa klorini kupita kiasi: huifuta rangi, yakaonekana kama hayana klorini kabisa. Mkiona weupe msioutarajia, changanyeni sampuli na maji yasiyo na klorini, mpime tena.

Sisi wa huku tunapenda kutuma drone na simu mpya. Tutume ada ya miaka kadhaa ya jina la tovuti, kwa jina la kikundi, na vidonge vya DPD, maana huisha. Barua za kudai taarifa waandike wa nyumbani. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa ofisa siku 30 za kujibu, lakini haki hiyo ni ya raia, na aliyechukua pasi ya Ujerumani amekwisha kuuacha uraia. Atakayesaini abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, nayo iingie sandukuni.