Hita ndani ya hema? Nionyeshe waya kwanza

Ndugu zetu wa pwani ukiwaambia Dodoma kuna baridi wanacheka. Waje mwezi wa saba walale kwenye hema pale Nzuguni, watu wakiandaa mabanda ya Nane Nane. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari: mchana jua kali, usiku joto linashuka hadi nyuzi 14 hivi, na upepo haulali. Kwa hiyo simshangai anayekuja kambini na hita ya umeme.

Tena siipingi. Kati ya hita na jiko la mkaa lililoingizwa ndani zipu ikafungwa, nachukua hita. Mkaa uliokolea, hata kama moshi umekwisha, unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Aliyelala nayo anaweza asiamke. Jiko libaki nje, hata likionekana limezimika.

Ila watu wakiingia na hita, wote wanaikagua hita. Mimi nauliza waya uko wapi. Hita ya wati 2,000 kwa umeme wetu wa volti 230 inavuta karibu ampea 9, tena mfululizo. Ekstensheni nyembamba ya kuchajia simu haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Itapata moto, na pa kupoa hapana kwa sababu umeilaza chini ya mkeka ili watu wasijikwae. Zile za kuzungusha kwenye gurudumu ndizo zinazonichosha zaidi. Soma kibandiko chake: mara nyingi kina namba mbili za umeme unaoweza kupita, kubwa ni ya waya uliokunjuliwa wote, ndogo ni ya waya uliobaki umezungushwa. Mtu anavuta mita tatu, nyingine zote zinabaki kwenye gurudumu zikipikana zenyewe kwa zenyewe.

Halafu kuna ule ufundi wetu wa kuchomeka kalamu kwenye tundu la juu la soketi ili plagi ya pini mbili iingie. Kama hita ni ya bati na ilitakiwa kuwa na waya wa ethi, hapo umeiondolea kinga yake. Weka juu ya hayo hema ambalo watu wananawia miguu mlangoni, soketi iko chini palepale. Umeme wa kambi upite kwenye swichi inayojikata umeme ukivuja, ile ya miliampea 30, na soketi ininginizwe juu ya ardhi. Hilo ni la fundi umeme, si la kijana anayejua kuunganisha spika.

Kwenye hita yenyewe sina mengi. Ichague ile inayojizima ikianguka (iinue ukiwa bado dukani uone), na iwe mita moja kutoka kwenye turubai, nguo na matandiko. Hema la watu wawili halina hiyo mita, kwa hiyo kwangu jibu ni kwamba hita haiingii humo.

Na hata kwenye hema kubwa, izimwe kabla ya kulala. Kitambaa hakitunzi joto, ndiyo maana watu wanaiacha usiku kucha: muda wa saa nane kwa wati 2,000 ni uniti 16 za LUKU, huku blanketi likiteleza kuifuata. Iwashe ukibadilisha nguo, basi. Baridi kubwa ya hema inatoka chini. Tandika mkeka, godoro, na blanketi moja chini yako kabla ya kujifunika la pili.

Waliopanga kwenda Kolo, kwenye michoro ya mapangoni kule Kondoa, au porini na jenereta ya kilowati moja waiache hita nyumbani, haitabebwa. Mwenye jenereta kubwa aiweke mbali na mahema, maana nayo inatoa hewa ileile ya mkaa. Majira haya upepo wetu mara nyingi unatoka mashariki, kwa hiyo mahali pake ni magharibi ya kambi.