Mechi 770 za John Trollope: Kipimo cha Uaminifu au cha Mfumo?

Katika historia ya ligi ya Uingereza, hakuna mchezaji aliyeichezea klabu moja mechi nyingi za ligi kuliko John Trollope, beki wa kushoto aliyeichezea Swindon Town mara 770 kati ya mwaka 1960 na 1980. Sehemu kubwa ya mechi hizo ilikuwa ya daraja la tatu, na hakuna hata moja iliyokuwa ya daraja la kwanza. Wanaomsifu huiona idadi hiyo kuwa uthibitisho wa uaminifu, ilhali wengine huona ndani yake kipaji ambacho hakikupewa nafasi ya kujipima na mawinga bora wa enzi zake. Pande zote mbili humjadili kana kwamba tangu mwanzo alikuwa huru kuchagua, na hapo ndipo ninapotofautiana nazo.

Trollope alipoanza, mshahara wa mchezaji haukuruhusiwa kuzidi pauni 20 kwa wiki, na klabu ilikuwa na haki ya kuendelea kumshikilia hata baada ya mkataba wake kwisha. Ukomo wa mshahara ulifutwa mwaka 1961. Miaka miwili baadaye, katika kesi ya George Eastham dhidi ya Newcastle United, mahakama iliona kuwa utaratibu wa kumshikilia mchezaji ulimzuia isivyo haki kufanya kazi yake. Hata hivyo, haki ya kujiondokea mkataba unapomalizika ilipatikana mwaka 1978, Trollope akiwa tayari anakaribia kustaafu. Kwa hiyo beki wa daraja la tatu wa kizazi chake, awe alipenda kubaki au hakupenda, hakuwa na milango mingi ya kutokea.

Hata hivyo, kuyaita maisha hayo kifungo kitupu ni kumnyima heshima anayostahili. Mwaka 1969, Swindon ikiwa bado daraja la tatu, Trollope alikuwa uwanjani Wembley timu yake ilipoifunga Arsenal 3–1 katika muda wa nyongeza na kutwaa Kombe la Ligi. Hiyo haikuwa bahati ya siku moja, kwani msimu huohuo Swindon ilipanda daraja. Beki hujengwa na kuzoeana: ajue kipa wake hutoka golini wakati gani, na ajue beki wa kati atamfunika akipanda kushambulia. Kukaa pamoja kwa misimu kadhaa hujenga maelewano ambayo klabu ndogo haiwezi kuyanunua.

Wanaotetea kuhama nao wana mfano mzito. Graham Alexander, aliyecheza zaidi kama beki wa kulia, alipitia Scunthorpe, Luton na Preston kabla ya kwenda Burnley, akacheza mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu mwaka 2009 akiwa na umri wa miaka 37. Alimaliza na mechi zaidi ya 1,000. Angebaki alikoanzia, huenda asingeifikia ligi hiyo kabisa. Kwa beki wa leo, ambaye mkataba wake katika madaraja ya chini mara nyingi ni wa mwaka mmoja au miwili, ninaona njia ya Alexander ina mantiki zaidi, kwa sababu klabu nayo haimwahidi uaminifu.

Lakini kuna gharama ambayo mjadala huu huipita haraka mno. Utafiti wa Uskoti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kuwa wachezaji wa zamani wa kulipwa walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kupata maradhi ya kudhoofika kwa ubongo kuliko watu wengine. Mabeki ndio walioongoza, takriban mara tano, na hatari iliongezeka kadiri mtu alivyocheza miaka mingi. Utafiti huo hausemi lolote kuhusu mchezaji mmojammoja, lakini unatulazimisha kuutazama upya urefu wa maisha ya soka tunaoushangilia. Mwaka huohuo, Uingereza ilitoa mwongozo kwamba mchezaji asipige zaidi ya vichwa 10 vizito, yaani mipira inayopigwa kwa kichwa kwa nguvu kubwa, kwa wiki mazoezini. Mwongozo huo haugusi mechi zenyewe, na beki wa daraja la chini bado anakabiliwa na mechi 46 za ligi kila msimu, bila kuhesabu za vikombe.