Mfupa umeandikwa, baiskeli imeachwa

Mwendesha baiskeli akigongwa na gari aina ya Noah pale Kizota, akavunjika paja na kufikishwa hospitali, jalada lake litabeba msimbo S72: paja limevunjika. Kijana aliyeanguka kutoka kwenye mwembe kule Mpwapwa naye ni S72. Bibi aliyeteleza bafuni, S72. Daktari wa mifupa hana shida na hilo, maana paja ni paja na anajua la kufanya. Shida inampata atakayekuja mwakani kuuliza ni waendesha baiskeli wangapi waligongwa na magari Dodoma. Atafungua takwimu na kukuta mifupa mitupu.

Jibu la swali lake lina mahali pake pa kuandikwa. Orodha ya kimataifa ya magonjwa, ICD-10, ina sura nzima ya visababishi vya nje, na humo mwendesha baiskeli ana misimbo yake, V10 hadi V19. Akigongwa na pikipiki au bajaji ni V12. Gari dogo au pikapu ni V13, lori au basi ni V14. Tarakimu inayofuata nukta inaeleza zaidi: V13.4 ni aliyekuwa akiendesha, V13.5 ni aliyepakiwa, kama yule mtoto anayepelekwa shule nyuma kwenye keria. Msimbo huu unatakiwa kuandikwa pamoja na ule wa jeraha. Mmoja unasema kimevunjika nini, mwingine unasema kimevunjwaje.

Wanaopinga kuongezewa msimbo wa pili wana hoja, na nimewasikiliza. Tabibu wa zamu ana foleni inayofika nje ya mlango. Majeruhi ameletwa na bodaboda aliyekwishaondoka, hajitambui, na hakuna anayejua kilichomgonga. Mfuko wa bima unalipia huduma iliyotolewa, iwe aligongwa na lori au alianguka mwenyewe. Tena, wanauliza, kazi ya kuandika gari gani limemgonga nani si ya polisi? PF3, fomu ya polisi ya majeruhi, ipo kwa ajili ya nini? Wapo pia wanaohofia kwamba daktari akiandika V13 ameshamtia dereva hatiani, na kesho ataitwa mahakamani.

Hofu hii ya mwisho inatokana na kutouelewa msimbo wenyewe. V13.4 inasema baiskeli na gari vimekutana na mwendesha baiskeli ameumia. Haisemi nani alikosa, nani hakuwa na taa, wala nani alikuwa mwendo kasi. Hizo nyingine ni hoja za kweli, ila hoja ya polisi ndiyo inayotakiwa kutazamwa kwa makini zaidi.

Mwaka 2016 polisi wa Tanzania waliripoti vifo 3,256 vya ajali za barabarani. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2018, lilikadiria kwamba vifo vya mwaka huohuo vilizidi 16,000. Nimeirudia tofauti hii mara nyingi kichwani. Tuseme shirika limezidisha. Kata makadirio yake nusu: bado unabaki na 8,000, zaidi ya mara mbili ya hesabu ya polisi. Na hao ni waliokufa, watu ambao kifo chao kimeacha kaburi na msiba. Kama waliokufa wanaweza kupotea kwenye hesabu kwa kiwango hicho, aliyevunjika mguu akapona ana nafasi gani? Yeye na dereva wamemalizana palepale barabarani, amepewa nauli na hela ya dawa, na PF3 hajaitafuta. Polisi hawamjui. Mahali pekee alipokutana na karatasi ya serikali ni dirisha la hospitali, na hapo tukaandika S72.

Kanuni za ICD-10 zenyewe zimechangia. Kwa marehemu wa ajali, chanzo cha msingi cha kifo ni kile cha nje, kwa hiyo V13 ndiyo inayobebwa kwenye takwimu za vifo. Kwa majeruhi aliye hai, jeraha ndilo linalotangulia na V13 inakuwa nyongeza. Maana yake, kwa kanuni hizi baiskeli yako inatangulia kuhesabiwa ukishakufa. Ukipona na kutembelea gongo maisha yako yote, kuhesabiwa kwake kunategemea kama mtu wa zamu alikuwa na muda.

Na nyongeza ikiandikwa, mara nyingi ni herufi tatu: RTA, kifupi cha Kiingereza cha ajali ya barabarani. Anayeweka misimbo hawezi kubuni kisichoandikwa. RTA peke yake inampeleka V89.2, ajali ya barabarani isiyofafanuliwa, ambako abiria wa basi, dereva wa Scania na mbeba maji wa Bahi mwenye baiskeli wanalala kitanda kimoja. Wakala za barabara, TANROADS au TARURA, wakitaka kujua wapi pa kupanua ukingo wa lami ili baiskeli zipite, V89.2 haiwasaidii chochote. Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba hili ni suala la makaratasi tu. Magari yameongezeka sana tangu serikali ihamie hapa, na barabara za kwenda Ihumwa na Mtumba zinatumiwa pia na watu wa baiskeli.

Simtaki tabibu akariri misimbo. Maneno machache ya Kiswahili kwenye jalada yanatosha: alikuwa juu ya nini, kagongwa na nini. "Baiskeli, pikapu." Asiyejua kilichogonga aandike "baiskeli, gari halijulikani," nayo ina msimbo wake, V19.4. Kutafsiri ni kazi ya mtu wa kumbukumbu.

Lipo jambo moja ambalo hata orodha yenyewe haituokoi. Mbeba mkaa mwenye magunia mawili akifika mwinuko hushuka na kusukuma. Akigongwa na pikapu hapo, ICD-10 inamhesabu kama mtembea kwa miguu, V03, kwa sababu hakuwa amepanda. Baiskeli yake imekunjika, mkaa umemwagika barabarani, na kwenye takwimu za baiskeli hayumo. Kwa mtu kama huyu msimbo ufuate kanuni, lakini jalada liandikwe neno zima: "alikuwa anasukuma baiskeli."